Namna ya kufuatilia kazi ya mhandisi wa jeshi la Uingereza kwa kufuata reli yake

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaonifuata nyumbani Kiloleni na kazi zao za historia huwa wameshaandika aya ya kwanza: afisa fulani alizaliwa mwaka fulani, akapanda cheo, akavishwa nishani, akafariki. Nawaomba waiweke pembeni. Afisa wa askari wa miguu unaweza kumfuata kwa mapigano yake. Mhandisi wa jeshi hafuatiki hivyo, kwa sababu kazi yake kubwa huwa imekwisha kabla risasi ya kwanza haijalia. Ukitaka kumjua, tafuta alichojenga, halafu uulize kilibeba nini.

Mimi ni mtu wa njia ya reli. Nilianza kwenye genge, yaani kikundi cha watengeneza njia, kubadilisha mataruma yanayolala chini ya reli na kushindilia kokoto kati ya Urambo na Kaliua, na nimestaafu nikiwa mkaguzi wa njia hapa Tabora. Mwongozo huu nauandika kwa jicho hilo, na mfano wangu ni mtu wa reli pia: Percy Girouard, wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, Royal Engineers.

Unaweza kumchagua mwingine. Gordon aliyeuawa Khartoum tarehe 26 Januari 1885 alikuwa wa kikosi hichohicho. Kitchener naye, na huyo mwaka 1885 alikuja mpaka Zanzibar kama mjumbe wa Uingereza kwenye tume ya mipaka ya Sultani, ile iliyozaa ukanda wa pwani wa maili 10. Ila kwa anayeanza, hao wawili wamezungukwa na sifa nyingi mno. Utatumia muhula mzima kusoma habari za ushujaa. Girouard ana jambo moja zuri kwa mwanafunzi wa Tabora: kila alikopita aliacha reli, na reli haijifichi.

Mambo yake ya mwanzo yapite haraka, lakini usiyaruke. Alizaliwa Montreal, Kanada, tarehe 26 Januari 1867. Akasoma chuo cha kijeshi cha Kingston hadi 1886, kisha akafanya kazi miaka miwili kwenye reli ya Canadian Pacific. Mwaka 1888 akaingia Royal Engineers, na kuanzia 1890 hadi 1895 alisimamia treni za ndani za kiwanda cha silaha cha Woolwich. Pigia mstari ile miaka miwili ya Kanada. Ukiona mhandisi wa jeshi amefanya jambo ambalo wenzake walisema haliwezekani, angalia alikuwa wapi kabla ya kuvaa sare.

Sasa chukua daftari. Kila mahali alipofanya kazi mpe ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa andika maswali matano. Maji yalitoka wapi? Geji, yaani upana kati ya reli mbili, ilikuwa ipi, na kwa nini hiyo? Mikono ilikuwa ya nani? Siku reli ilipofika, ilibeba mzigo gani? Na vita vilipokwisha, nani alibaki na njia na nani aliondolewa pembeni yake? Maswali haya yanafaa kwa mhandisi yeyote wa enzi ile, hata wa madaraja au wa ramani, ukibadilisha neno hapa na pale.

Ukurasa wa Sudan ndio mnene kuliko yote, kwa hiyo uachie nafasi.

Anza na sababu. Tarehe 1 Machi 1896 Waethiopia waliwapiga Waitalia Adwa. Mwezi huohuo serikali ya Uingereza ikaamuru jeshi la Misri, chini ya Kitchener, liingie Dongola. Girouard alikuwa luteni wa miaka 29, akapewa kufufua na kurefusha reli kongwe iliyofuata mto Nile kutoka Wadi Halfa kwenda kusini. Mwezi Agosti mvua kubwa ikazoa karibu maili 12 za njia, jangwani, mahali ambapo hakuna aliyeitegemea mvua. Ikarudishwa ndani ya siku chache kwa maelfu ya watu. Aliyewahi kukaa Tabora akisubiri bidhaa wakati kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimekatwa na mafuriko anajua maana ya sentensi hiyo: mchele unapanda bei, mafuta yanaadimika, na maafisa wote wanamtazama mtu mmoja, yule wa njia. Dongola ilitekwa tarehe 23 Septemba 1896.

Kisha chora. Sisemi tazama ramani; chora kwa mkono wako. Weka Wadi Halfa juu, Abu Hamed chini kulia, halafu uupitishe Nile kati yake: utaona mto unazunguka mbali sana magharibi kupitia Dongola, njiani kukiwa na maporomoko yanayozuia boti. Sasa piga mstari mmoja wa rula kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed. Mstari huo unapita jangwa la Nubia, kama kilomita 370, na ndio Kitchener aliouamuru. Kazi ilianza tarehe 1 Januari 1897, huku wataalamu wakisema haitawezekana.

Kwa nini walisema hivyo? Maji. Hapa ndipo ninapowakalisha vijana chini kwa muda mrefu zaidi. Kichwa cha treni cha mvuke kinakunywa kila hatua. Kikipita mahali pasipo na maji, lazima kikokote matangi yake chenyewe, na lazima kibakize ya kurudia. Kadiri njia inavyosogea mbele, matangi yanaongezeka na nafasi ya reli na mataruma inapungua, mpaka inafika mahali treni inabeba maji ya kujiendesha yenyewe tu. Hapo ujenzi umekufa. Juu ya hayo kuna watu wa genge, nao wanakunywa. Kilichoiokoa reli ile ni kupatikana kwa maji ya visima mahali pawili, maili 77 na maili 126 kutoka Wadi Halfa. Ziandike namba hizo mbili kwa herufi kubwa. Ndizo zilizoamua vita, na katika masimulizi mengi ya vita vya Omdurman hutaziona.

Abu Hamed yenyewe ilitekwa tarehe 7 Agosti 1897 na kikosi cha Jenerali Hunter kilichopanda kwa kufuata mto, ili kichwa cha njia, pale reli inapoishia, kisije kikashambuliwa kikiwa katikati ya jangwa. Reli ikafika tarehe 31 Oktoba. Linganisha na njia yetu: Wajerumani walifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, umbali wa kama kilomita 400. Vijana hupenda kusema Girouard alikuwa hodari zaidi. Mimi siwakubalii. Huku kulikuwa na mabonde, misitu na mto Malagarasi na matope yake, na njia ilijengwa ili ikae. Reli ya vita kwa kawaida hutandikwa juu ya udongo uliosawazishwa tu, kokoto zitakuja baadaye. Ukilinganisha kasi, linganisha na ardhi pia.

Swali la geji lina jibu fupi lakini lina mizizi. Njia ya Girouard ilikuwa ya milimita 1,067, geji ileile ya Rasi ya Afrika Kusini. Vichwa vya treni vilikuwa haba, na baadhi ya alivyovipata vilikuwa vimeagizwa kwa ajili ya reli za Cecil Rhodes huko kusini. Njia yetu ya kati ni ya milimita 1,000, ndiyo maana mzigo wa TAZARA, ambayo ni 1,067, unahamishwa Kidatu kutoka behewa hadi behewa. Mwanafunzi wa leo anaiona hata SGR ya milimita 1,435. Geji ni uamuzi wa siku moja unaowafunga watu karne nzima, na mara nyingi aliyeuamua alikuwa na haraka ya vita.

Kuhusu mikono, usikubali neno "walijenga" lipite bila mwenyewe. Kikosi cha Reli cha Sudan kilikuwa na wakulima wa Misri, Wadinka na Washiluki kutoka Nile Nyeupe, Waarabu wa kandokando ya mto, na mateka wa jeshi la Khalifa, mtawala wa Sudan wa wakati ule, waliokamatwa vitani. Soma tena hicho cha mwisho: mateka walitandika reli iliyopeleka mizinga kwa ndugu zao. Pale Wadi Halfa zilifunguliwa shule mbili ndogo chini ya mitende, wanafunzi wakafundishwa ukarani wa stesheni na kupiga simu za waya. Sisi wa Tabora, tulio na chuo cha reli mjini, tunafahamu thamani ya shule kama hiyo. Majina ya wale wanafunzi yangestahili kuandikwa kwenye kila kitabu kinachomtaja Girouard.

Halafu mzigo. Reli ilipeleka chakula, risasi, askari, na manowari za mtoni zilizokatwa vipandevipande, zikaunganishwa upya juu ya maporomoko. Mtu wa Kigoma hapa atatabasamu, maana ndivyo meli ya Götzen ilivyofika kwetu: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi ziwani, ikashushwa majini Februari 1915. Leo tunaiita Liemba. Wajerumani na Waingereza walikuwa maadui, lakini wahandisi wao walisoma somo moja.

Vita vya Atbara vilipiganwa tarehe 8 Aprili 1898, reli ikafika Atbara mwezi Julai, na tarehe 2 Septemba ikawa Omdurman. Upande wa Khalifa walikufa zaidi ya 10,000 asubuhi moja. Upande wa Kitchener hawakufika 50. Girouard mwenyewe mwaka huo alikuwa ameshapelekwa Misri kuongoza bodi ya reli na simu. Hesabu ya wafu wa Omdurman iandike kwenye ukurasa wake wa reli. Usiipeleke kwenye ukurasa wa majenerali. Yeye hakufyatua hata risasi moja pale, lakini kila bunduki na kila sanduku la risasi lilipita juu ya mataruma yake.

Ukurasa ukijaa, kila kituo kifupishe namna hii. Huu ni wa Abu Hamed:

Abu Hamed, 31 Oktoba 1897. Maji: visima vya maili 77 na 126, kisha Nile. Geji: 1,067, sawa na Rasi. Mikono: Wamisri, Wadinka, Washiluki, Waarabu wa mtoni, mateka wa vita. Mzigo: jeshi, chakula, risasi, manowari za vipande. Baadaye: njia ikaendelea hadi Atbara, Sudan ikatawaliwa na Uingereza na Misri kuanzia 1899.

Mistari mitano inatosha. Mwalimu akikuuliza, unaifungua na kuieleza.

Afrika Kusini tumia njia ileile, lakini geuza mtazamo: safari hii reli ilikuwepo tayari, na Makaburu ndio waliokuwa wanaivunja. Girouard alikuwa mkurugenzi wa reli za kijeshi kuanzia 1899. Geji ilikuwa ya Rasi mpaka Pretoria, kwa hiyo treni ya bandarini ingeweza kufika hadi mji mkuu wa adui, mradi madaraja yawepo. Machi 1900 Makaburu walilipua daraja la Norvalspont juu ya mto Orange. Mwishoni mwa mwezi huohuo treni zilikuwa zinavuka kwa njia ya muda. Njia ya muda ni kazi ninayoijua kwa mwili wangu. Unaacha daraja lililovunjika, unashusha reli kandokando mpaka karibu na maji, unaweka magogo na nguzo fupi, treni inapita polepole kama mgonjwa, na unaomba mto usijae kabla fundi wa daraja hajamaliza juu.

Jambo la pili alilolifanya huko halina picha ya kupendeza, lakini kwangu ndilo kubwa: aliweka maafisa maalumu kati ya jeshi na watu wa reli, ili stesheni masta asiamrishwe na kila kanali anayepita. Bila hivyo mabehewa yanageuzwa maghala, njia inaziba, na hakuna kinachosogea. Hata mbele ya jenerali, ratiba lazima iwe na mwenyewe mmoja.

Lakini swali la tano linauma. Kuanzia 1900, kwanza chini ya kamanda mkuu Roberts kisha kwa wingi zaidi chini ya Kitchener, mashamba yalichomwa na familia zikapelekwa kambini. Kambi nyingi zilikuwa kandokando ya reli, na watu walisafirishwa kwa treni, mara nyingi kwenye mabehewa ya wazi. Walikufa humo Makaburu zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, na Waafrika weusi zaidi ya 14,000 kwenye kambi zao zilizotengwa. Kazi ya kupeleka chakula na kazi ya kupeleka watu kambini zilifanywa na reli ileile.

Nigeria ya Kaskazini ipite kwa nusu ukurasa. Alipelekwa huko 1907, akaanzisha reli ya Baro hadi Kano, iliyofika Kano 1911. Waingereza walitaraji pamba. Wakulima wa Kano wakaona bei, wakaleta karanga, na reli ikajaa karanga. Sisi wa upande wa Urambo tunakumbuka mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza baada ya vita ya pili, ulioamuliwa ofisini, ukaanguka. Kule aliyechagua zao alikuwa mkulima.

Kenya irudie unene. Girouard alikuwa gavana huko kuanzia 1909 hadi 1912, na hapa mwanafunzi huona ugumu: mhandisi amekuwa mtawala, maswali ya maji na geji yatasaidia nini? Yatasaidia sana. Reli ya Uganda, ya milimita 1,000, ilikuwa imekamilika 1901 na imepita katikati ya malisho ya Wamasai kwenye Bonde la Ufa. Kwa mapatano ya 1904 Wamasai waliondolewa karibu na reli, sehemu moja ikapelekwa Laikipia kaskazini na nyingine kusini, wakiahidiwa kwamba ahadi itadumu maadamu Wamasai wapo. Wakati wa Girouard ahadi hiyo ikavunjwa. Mwaka 1911 yakaandikwa mapatano mengine ya kuwatoa Laikipia, ingawa Legalishu, kiongozi wao, alikuwa amepinga. Watu wapatao 10,000 wakahamishwa na mifugo yao. Wamasai wakaenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Girouard aliacha kazi 1912 baada ya mvutano na Ofisi ya Makoloni kuhusu jambo hilohilo. Msomaji akiona ukurasa huu baada ya ule wa Sudan, ataelewa bila kuambiwa kwamba mtu ni yuleyule: anatazama nchi kama ardhi ya kupitisha njia, na waliopo juu yake kama kitu cha kusogezwa.

Mwaka 1915 alisimamia kwa muda ugavi wa silaha huko Uingereza, na alifariki London mwaka 1932. Hakufika Tabora. Njia yake ya kufanya kazi ndiyo iliyofika karibu: mwaka 1915 na 1916 wahandisi wa jeshi walitandika reli kutoka Voi kupita Taveta hadi kuungana na reli ya Wajerumani upande wa Moshi. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, reli yetu nayo ilikuwa imeshakuwa uwanja wa vita.

Kuhusu kutafuta habari, gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, linasomwa bure mtandaoni, na ndimo vyeo, nishani na ripoti za makamanda zilimochapishwa. Usitafute kwa jina kamili. Andika cheo na herufi za mwanzo, kwa mfano "Lieutenant E. P. C. Girouard, R.E.", maana ndivyo walivyoandika. Utakuta nishani ya D.S.O. ya 1896 na cheo cha heshima cha K.C.M.G. cha 1900. Karatasi za wizara ya vita ziko Kew, London. Za Sudan, nyingi ziko Chuo Kikuu cha Durham. Kwa njia yetu ya Wajerumani, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam wana mafaili ya enzi hizo. Ripoti ya kamanda isome ukiwa na kalamu mbili: moja upigie mstari majina yaliyotajwa, nyingine kazi zilizofanywa na watu wasiotajwa. Wino wa pili ndio utakaokwisha kwanza.

Kabla hujaandika neno, nenda ukaione reli. Usiingie njiani peke yako. Mwone stesheni masta, omba ruhusa, utapewa mtu wa kukuongoza, na picha usipige mpaka uruhusiwe. Inama ubavuni mwa reli, kwenye ule ukuta mwembamba kati ya kichwa na kitako. Utaona herufi zimeinuka: jina la kiwanda, uzito, mwaka. Kutu ikizificha, sugua kwa brashi ya waya, pitisha chaki ubapa, herufi zitasimama nyeupe. Tazama na mataruma ya chuma. Reli za miaka tofauti hukaa njia moja, kwa hiyo usiseme "hii ni ya Mjerumani" mpaka umesoma chuma chenyewe.

Mwisho, tafuta wazee wa genge. Hapa Tabora, Isevya, Cheyo na Ng'ambo wapo, na Kigoma wapo pia. Mwamkie vizuri, kaa, usitoe simu mara moja. Usimuulize "mlijisikiaje". Muulize genge lao lilikuwa na watu wangapi, nyapara alikuwa nani, maji ya kunywa yaliletwa na treni au yalichotwa, baba yake aliajiriwa wapi, na nani aliumia kazini akapewa nini. Jibu liandike kwa maneno yake. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukimaliza kazi yako umpelekee nakala.